Kuwajua Watu na Kuwafaa

Katika mwaka 1903 kilitoka mjini Göttingen, Ujerumani, kitabu cha Kiswahili kiitwacho Desturi za Wasuaheli, na juu ya jalada lake likapigwa chapa jina la Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki mjini Berlin. Lakini mtu akikifungua na kusoma habari zake za jando na unyago, za arusi na matanga, za deni na rehani, za pepo na waganga wao, hana budi kuyakinisha upesi kwamba msemaji wa humo si Mjerumani, bali ni mtu aliyezaliwa ndani ya mambo anayoyasimulia. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa, kwani sehemu kubwa ya maandishi yale ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyesoma kwa masheikh wa pwani, kisha mwaka 1900 akachukuliwa Berlin kusaidia kufundisha lugha. Alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo wa upwa wetu kupata riziki katika chuo cha Ulaya kwa kuieleza jamii yao. Mwaka 1905 alipotaka kurejea nyumbani pamoja na mkewe, mwanamke wa Kijerumani, serikali ya koloni iliwazuia wasishuke chomboni. Akarudi alikotoka, na Berlin akafia mwaka 1927.

Miaka hiyohiyo, upande wa pili wa bahari ya Atlantiki, W. E. B. Du Bois, Mmarekani mweusi mwenye shahada ya uzamivu ya Harvard, aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania kutafiti hali ya watu weusi wa mji wa Philadelphia. Akahamia katika kata ya saba ya mji ule pamoja na mke aliyemwoa karibuni, akapita mlango kwa mlango mwaka 1896 na 1897 akiuliza kwa mdomo wake mwenyewe, na mwaka 1899 akatoa The Philadelphia Negro, kitabu ambacho hata leo kinahesabiwa katika misingi ya elimujamii; ilhali chuo kilichomtuma hakikumpa darasa hata moja la kufundisha. Alijua, akaandika, wala hakupewa kiti.

Nimeanza na watu wawili hawa kwa makusudi, kwa sababu yale yaliyowapata yangali yakimzunguka kila mtu aliyechagua kutumia umri wake kufundisha na kutafiti elimujamii, ambayo wengine huiita sosholojia, na ndugu yake wa karibu, elimu ya ustawi wa jamii. Kazi hii ina amana mbili: kuwajua watu, na kuwafaa. Vyuo vimezitenga amana hizo, vikaipa ya kwanza heshima na ya pili uchovu. Nami nashikilia kwamba kutengwa huko hakukutokana na asili ya elimu zenyewe, bali kulifanywa na watu, kwa sababu zinazoweza kutajwa, na kwamba katika nchi zetu hasara yake humwangukia yule asiyejua kwamba pana elimu mbili.

Tangu asili hazikuwa mbalimbali. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, alipojifungia katika ngome ya Ibn Salama, nchi ambayo leo ni Algeria, na mwaka 1377 akaandika Muqaddima, alidai kwamba ameizua elimu mpya, elimu ya umrani, yaani ya maisha ya watu wakaao pamoja, yenye kutafuta kwa nini dola husimama kwa asabia, yaani mshikamano wa jamaa, na kwa nini huanguka anasa ikiingia. Wapendao kumtaja kuwa babu wa elimujamii aghalabu huishia hapo. Husahau kwamba mtu huyuhuyu tangu mwaka 1384 alikuwa kadhi wa madhehebu ya Maliki mjini Kairo, akisikiliza mirathi, talaka na wakfu zilizoliwa na wasimamizi wake, na kwamba alivishwa na kuvuliwa ukadhi huo mara kadhaa. Asubuhi alikuwa katika mashauri ya watu, na usiku katika kitabu. Wala hakuna aliyemwambia achague moja.

Ulaya, Auguste Comte alilibuni jina la sosholojia katika mwaka 1839, na Émile Durkheim akaanza kuifundisha Bordeaux mwaka 1887, kisha mwaka 1897 akaonyesha kwa hesabu za serikali kwamba hata mtu kujiua, jambo ambalo twalidhani ni siri ya nafsi moja, hufuata mizani ya jamii nzima. Hayo yanajulikana, nami sina haja ya kuyarefusha.

Mahali pa kukaa kidogo ni Chicago, maana huko ndiko ukuta kati ya elimu mbili hizi ulikojengwa, na mtu aweza kuyaona matofali. Mwaka 1889 Jane Addams na mwenziwe Ellen Gates Starr walipanga nyumba katika mtaa wa Halsted, penye wahamiaji wa Kiitalia, wa Kigiriki, wa Kiyahudi kutoka Urusi, wakaifanya makao yao na makao ya kila jirani mwenye haja. Na mwaka 1895 wanawake wa nyumba ile wakatoa kitabu chenye ramani zilizotiwa rangi, nyumba baada ya nyumba, zikionyesha mataifa ya wakaaji na mapato ya juma ya aila zao. Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1892, na idara yake ya elimujamii, chini ya Albion Small, mwanzoni ilishirikiana na wanawake wale. Muda ulivyopita, wanaume wa idara wakataka elimu yao ihesabiwe pamoja na elimu za maumbile, isiyo na huruma wala hasira, na walio karibu na mafakiri wakaonekana kuwa na kasoro ya ukaribu huo. Mwaka 1920 ikaundwa shule mbali ya utawala wa ustawi wa jamii, na baadaye Edith Abbott akawa mkuu wake. Wanaume wakabaki na jina la sayansi, wanawake wakaenda na kazi. Mbinu ya ramani, lakini, ilibaki kwa wanaume, na ikaja kuwa fahari ya shule yao ya fikira. Na kabla ya hapo, mwaka 1915, Abraham Flexner, ambaye ripoti yake ilikuwa imekwisha kuvifungisha vyuo vingi vya udaktari nchini Marekani, alisimama Baltimore mbele ya mkutano wa watu wa huduma akawaambia kwamba kazi yao haijawa taaluma, kwa kuwa mtumishi wa jamii hana elimu yake mwenyewe, bali hupeleka shida kwa wenye elimu: mgonjwa kwa tabibu, mdaiwa kwa wakili. Hotuba hiyo iliwauma kwa muda wa miaka mingi, na Mary Richmond aliijibu mwaka 1917 kwa kitabu kizima juu ya namna ya kuipima hali ya mtu na aila yake. Mimi naona Flexner alikosea mahali padogo penye athari kubwa: kujua mlango upi ubishwe, kwa ajili ya nani, na kwa maneno gani, nako ni elimu.

Kwetu Afrika ya Mashariki elimu mbili hizi zilishuka katika majahazi mawili. Jahazi la kwanza lilitia nanga Makerere mwaka 1948, ilipoanzishwa taasisi ya utafiti wa jamii kwa ajili ya nchi zote za eneo hili. Mwaka 1950 Audrey Richards akashika uongozi wake, na chini yake ukatoka, mwaka 1954, uchunguzi mashuhuri juu ya wahamiaji wa Rwanda, Burundi na kwingineko waliomiminika Buganda kutafuta kibarua. Ilikuwa kazi ya hali ya juu. Lakini wenye kuuliza walikuwa takriban wote wageni, na Waafrika waliokuwamo wengi wao walikuwa wakalimani na makarani, watu ambao bila wao hapangeandikwa ukurasa hata mmoja, na ambao majina yao, kama la Mtoro, hutafutwa kwa taabu.

Jahazi la pili lilikuwa la serikali. Vita vya 1939 hadi 1945 vilipokwisha na askari wakarudi kutoka Burma, watawala waliingiwa na hofu ya vijana walioona dunia, wakafungua ofisi za ustawi, wakajenga kumbi zenye magazeti, michezo na mafunzo ya ushonaji kwa kina mama, na huko Kenya wakatumia shule ya Jeanes ya Kabete kuwafunza watu wa kazi hiyo. Mzee yeyote wa Dar es Salaam anaufahamu ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja. Hivyo ustawi wa jamii ulianza kwetu ukiwa tawi la utawala wa kutuliza watu, na elimujamii ikaanza ikiwa tawi la utawala wa kuwaelewa. Wala hakuna iliyoanza kwa kuitwa na wenyewe. Kumbe wenyewe walikuwa na taratibu zao: wakfu wa misikiti na visima, zaka, ngalawa ya yatima iliyotunzwa na mjomba mpaka akabaleghe, utani uliowalazimu watu wa makabila mbalimbali kuzikana. Mambo hayo yaliandikwa na wanaelimujamii kuwa mila, na maofisa wa ustawi hawakufundishwa kuwa ni ustawi.

Uhuru ulipokuja, nafasi ya kuziunganisha ilikuwapo. Chuo Kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 1961, katika jengo la TANU la mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, kisha kikahamia Mlimani. Katika miaka ileile Richard Titmuss wa London aliongoza uchunguzi wa huduma za afya za Tanganyika, na taarifa yake ikapigwa chapa mwaka 1964. Nina sababu ya kumtaja mtu huyu. Titmuss aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akawa karani wa kampuni ya bima, akajifunza kuhesabu vifo na magonjwa kwa madaraja ya watu, na mwaka 1950 akafanywa profesa bila ya shahada yoyote. Ni adhama ya London kwamba ilimkubali. Nami nashuku kama kamati yoyote ya ajira ya vyuo vyetu leo ingelifungua bahasha yake.

Nairobi kwa muda mrefu iliziweka elimu hizo katika idara moja. Addis Ababa ilikuwa na shule yake ya ustawi wa jamii tangu mwaka 1959, ikafungwa baada ya mapinduzi ya 1974, na katika mji huohuo kilikuwa kimeasisiwa, mwaka 1971, chama cha walimu wa taaluma hiyo barani, ambacho kilishika hoja kwamba haifai kumfundisha kijana wa Kiafrika kuishughulikia nafsi moja moja iliyovunjika kama ilivyo Chicago, ilhali kijiji kizima hakina maji. Tanzania ilifuata njia yake. Kwa Sheria Namba 26 ya mwaka 1973 Bunge lilianzisha chuo cha taifa cha ustawi wa jamii, nacho kikaweka makao Kijitonyama, ambako leo chajulikana kwa jina la Taasisi ya Ustawi wa Jamii. Mlimani elimujamii ikaendelea kuzamia katika mijadala mizito ya ujamaa, ya matabaka, ya ubeberu. Kijitonyama ikafunza maofisa wa wilaya. Kutoka moja hadi nyingine ni safari fupi ya daladala, lakini nimewajua watu waliofundisha miaka ishirini upande mmoja wasikanyage darasa la upande wa pili.

Haki iwekwe mahali pake: walikuwapo waliojaribu kuuruka ukuta. Katika miaka ya 1970, magharibi ya Bagamoyo, mradi wa Jipemoyo, uliowakutanisha watafiti wa Tanzania na wa Finland, akiwamo Marja-Liisa Swantz aliyekuwa ameishi miaka mingi na Wazaramo, ulishika msimamo kwamba mkulima si kisima cha kuchotwa habari, bali ni mtafiti mwenza, mwenye haki ya kuuliza swali lake na kupewa jibu. Utafiti shirikishi, ambao leo hutajwa katika kila andiko la mradi mpaka umechosha masikio, ulipata hapa nchini mojawapo ya machimbuko yake. Ni jambo la ajabu kwamba neno hilo lilisafiri mbali, likarudi limevaa suti, na sasa hufundishwa vijana wa Bagamoyo kutoka vitabu vya ng'ambo.

Basi mwalimu wa elimu hizi hufanya nini siku kwa siku? Hufundisha, husahihisha, husimamia tasnifu, huomba vibali. Habari ya vibali si ndogo: barua ya Tume ya Sayansi na Teknolojia hushuka mkoani, kutoka mkoani wilayani, kutoka wilayani katani, na kutoka katani kwa mtendaji wa mtaa, na kila mezani hupigwa muhuri na kuulizwa kama mtafiti amekuja na chochote. Lakini kiini cha kazi, kwa rai yangu, hakimo katika mihadhara wala katika barua. Kimo katika mambo mawili yasiyopigiwa tarumbeta: namna swali linavyoulizwa, na namna mwanafunzi anavyosimamiwa akiwa kazini.

Nitaanza na swali. Dodoso hutungwa kwa Kiingereza, maana huko ndiko fedha na jarida viliko. Hutafsiriwa kwa Kiswahili usiku mmoja kabla ya safari. Huulizwa kwa Kiswahili. Hujibiwa kwa Kiswahili. Kisha majibu hurudishwa katika Kiingereza na kuwa data. Katika kila kuvuka kitu hudondoka. Chukua neno yatima. Katika fikihi waliyosoma wazee wa pwani, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Katika fomu za ofisi, yatima ni aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Bibi wa Pangani anayemlea mjukuu aliyefiwa na mama, na baba yungali hai mahali asipotuma hata senti, akiulizwa kama nyumbani mwake pana yatima atajibu kwa insafu kabisa kwamba hapana, kwani kumwita mtoto yatima baba yake angali hai ni kama kumwombea mauti. Kalamu huandika sifuri, na mtoto hutoka katika hesabu.

Au chukua umaskini. Sheria ya zaka humtenga fakiri na maskini, na kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani, fakiri ndiye mwenye dhiki zaidi, asiye na kitu au aliye na kidogo kisichokaribia haja yake, ilhali maskini ana kitu lakini hakimtoshi. Watu wa mtaani wanaujua mpaka huo bila kusoma fikihi. Mpango wa ruzuku kwa kaya maskini unaoendeshwa na TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, huwatambua walengwa katika mikutano ya hadhara ya vijiji na mitaa, na wazo lake ni jema, kwa kuwa majirani ndio wajuao. Ila fakiri wa kweli aghalabu hana kanga ya kuendea mkutanoni, wala hana wa kumtaja, na maskini, mwenye kidogo cha kumwezesha kusimama na kusema, ndiye asikikaye. Mwalimu wa elimujamii aliyeijua tofauti ya maneno hayo mawili angeliona jambo hilo kabla ya mkutano wa kwanza. Na mwalimu wa ustawi wa jamii angelijua mlango wa kwenda kubisha. Lakini wa kwanza huandika makala, wa pili hutoa mafunzo, nao hukutana mazikoni.

Nakuja sasa kwa usimamizi wa mazoezi ya kazi. Kila mwanafunzi wa ustawi wa jamii lazima akae kwa majuma kadhaa katika ofisi ya wilaya, hospitalini, gerezani, katika makao ya watoto au mahabusu ya watoto, akishika mashauri halisi chini ya ofisa mwenyeji, na mwalimu wake hana budi kumfuata huko. Tangu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 majukumu ya ofisa huyo yamekuwa mazito, kwani mahakama humtegemea aeleze hali ya nyumbani kabla ya kuamua mtoto akae na nani, alelewe na nani, au apelekwe wapi. Mwanafunzi hufika na daftari jipya na nadharia tatu. Siku ya kwanza anakuta benchi limejaa: mwanamke mwenye kitoto mgongoni aliyekuja kudai matunzo, babu aliyefukuzwa na mkwewe, kijana aliyetoka jela bila ya nauli. Nadharia zake hazimwambii aanze na nani. Ofisa mwenyeji, ambaye huenda ndiye peke yake kwa kata nyingi, humwambia aanze kwa kuwapa maji ya kunywa.

Msimamizi mwema hamwulizi kijana huyo kwanza kuhusu nadharia. Humwuliza: yule mama alikaa wapi ulipokuwa ukiongea naye, na mumewe alikaa wapi? Ulimwita nani, shangazi, mama, au bibie? Ulimsemesha mbele ya nani? Maana mwanamke wa pwani hatatoa siri ya nyumba yake mbele ya kijana asiye na haya ya kuinamisha macho, na mzee hatakiri njaa kwa mtu aliyemwamkia "mambo". Nimeona kijana mmoja, hodari sana wa mitihani, aliyekuwa ameandika katika faili la shauri kwamba mlalamikaji "hatoi ushirikiano". Mwalimu wake alimrudisha kwa mama yule, akamfundisha kubisha hodi mara tatu, kungoja kukaribishwa, kuuliza hali ya watoto na ya shamba, na kunyamaza. Kunyamaza ndiko kulikomshinda zaidi. Lakini siku ile faili lilipata kurasa nne.

Kazi ya namna hiyo humchukua mwalimu siku nzima kwa mwanafunzi mmoja, katika jua, kwa posho inayochelewa. Na ngazi ya vyuo haiitambui, au huitambua kwa alama chache zisizotosha kumtoa mtu kidato hadi kidato. Mhadhiri msaidizi hupanda kuwa mhadhiri kwa shahada ya uzamivu, na mhadhiri hupanda kuwa mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa kwa makala zilizotoka katika majarida yanayotambulika, nayo yanayotambulika kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza, na aghalabu husomwa kwa malipo ambayo maktaba ya wilaya haiwezi. Siilaumu Uingereza kwa hili. Idara ya Kiswahili ya Dar es Salaam imekuwa ikifundisha kwa Kiswahili tangu mwaka 1970, na dunia haikuanguka, tungelitaka tungelifuata.

Sababu ya pili ya kazi hii kupoteza uti wake ni njaa. Mwaka 1986 Tanzania ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka iliyotangulia na iliyofuata, mshahara wa mwalimu wa chuo ulikuwa hauifikishi familia nusu ya mwezi. Wengine walifuga kuku, wengine wakaendesha teksi jioni, na wanaelimujamii wakagundua kwamba wao wana bidhaa nyingine, yaani ripoti. Mashirika yalihitaji tathmini, tena upesi, na yalilipa kwa dola. Tangu hapo amezaliwa mtafiti wa aina mpya, ambaye swali huletewa likiwa limekwisha kupikwa, na kazi yake ni kulipakua. Mahmood Mamdani, aliyechukua uongozi wa taasisi ile ya Makerere mwaka 2010, aliishambulia hali hiyo waziwazi, akaanzisha masomo ya uzamivu ya kusoma na kufikiri kwanza kabla ya mtu kushika dodoso. Hoja yake ina nguvu. Hata hivyo nasita kuwahukumu walioandika ripoti, maana wapo miongoni mwao waliopita vijijini wakati walimu wengine hawakutoka ofisini. Na uchunguzi wa Kagera wa miaka ya 1991 hadi 1994, uliorudi kwa kaya zipatazo 900 mara kwa mara wakati UKIMWI ulipokuwa ukizimaliza, uligharimiwa na wageni, lakini bila huo tungelijua kidogo sana juu ya nyumba inavyoendelea kuishi baada ya kumzika mfanyakazi wake.

Iko njia ya tatu ya kutoka, nayo ni serikali. Philip Mbithi, mwanaelimujamii wa Kenya aliyetoa pamoja na mwenziwe, mwaka 1977, kitabu juu ya Harambee kinachopima ni nani hasa hubeba mzigo wa kujitolea na ni nani hufaidi, alipanda akawa Makamu wa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na katika miaka ya 1990 akawa Mkuu wa Utumishi wa Umma. Mtu aweza kusema kwamba hapo kujua kulipata uwezo wa kufaa. Mtu mwingine aweza kuuliza kama mwenye kuketi kwenye kiti kile aweza tena kuuliza swali la kitabu kile. Nami nawaachia Wakenya walijibu.

Turudi kwa mwanafunzi wetu, maana msimamizi wake amefika. Ni ofisi ya kata katika mji wa pwani. Chumba kimoja, feni mbovu, ukutani kalenda ya mwaka jana. Kijana anamwonyesha mwalimu fomu aliyoijaza nyumbani kwa mama mmoja mwenye watoto watano. Penye mkuu wa kaya ameandika: mume. Penye mahali alipo: Maskati. Mwalimu anauliza amekwenda lini. Kijana anafungua daftari: miaka sita. Hutuma fedha? Mwanzo alituma. Nani alinunua mchele wa jana? Kijana anakaa kimya, halafu anasema mama huuza vitumbua asubuhi na mkeka jioni. Basi kwa nini umeandika mume? Kwa sababu nilimwuliza, mwalimu, naye ndivyo alivyosema. Mwalimu anatikisa kichwa polepole, kwa kuwa kijana amefanya sawa, na mama naye amefanya sawa, akimstahi mumewe mbele ya mgeni. Wanakaa hapo saa nzima wakitafuta namna ya kuandika mambo yote mawili katika kisanduku kimoja, mpaka wanageuza karatasi na kuandika nyuma yake, kwa Kiswahili, sentensi tatu alizosema mama yule kama alivyozisema. Kisha mwalimu anatia saini, anampa alama saba kwa kumi, anaomba maji, na kutoka kwenda kungoja basi la saa tisa. Na mwaka ujao atakapojaza faili lake la kupandishwa cheo, safari hiyo haitakuwa na mahali pa kuandikwa.